Si kila weusi ni nongo

Mpenzi msomaji, Jumapili ya leo nakukaribisha bafuni kwangu. Usione haya, wala usiwafukuze watoto, kwani hakuna la aibu nitakalosimulia isipokuwa ujinga wangu mwenyewe. Na ujinga wangu, kama ujuavyo wewe unayeifuata safu hii, huwa siufichi.

Kisa chenyewe kilianzia katika vibanda vya Mutindwa, pale Umoja na Buruburu zinapokutana, mahali ambapo ukienda kununua nyanya unarudi na viatu. Binti wa kaka yangu, ambaye anakaa nami hapa Umoja akisomea uhasibu katika chuo kimoja cha mjini, aliingia nyumbani jioni moja na kikopo chenye kifuniko cheusi. Alipokifungua, nyumba nzima ilinukia kahawa na vanila hata nikadhani kuna mgeni aliyepikiwa keki. Ndani mlikuwa na kitu kizito cha rangi ya udongo, mithili ya uji wa wimbi uliolala.

"Ni ya kusugulia mwili, Shangazi," akaniambia. "Inatoa ngozi iliyokufa."

Nikamwuliza bei. Shilingi 850, kikopo cha gramu 250. Nikamwuliza pesa zilitoka wapi, naye akatazama dirishani kana kwamba ameitwa na mtu. Hapo nikajua kuwa mkopo wa HELB umechangia urembo.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilifoka kidogo, kama inavyompasa shangazi, kisha nikanusa tena kile kikopo na hasira zikapungua. Nikamwambia kwamba kabla hajaendelea kujipaka kitu asichokijua, nitakijaribu mimi kwanza. Huo ulikuwa udhuru tu, msomaji wangu. Ukweli ni kwamba ile harufu ilikuwa imenishika.

Tena sikuwa mgeni wa kusuguliwa. Mimi ni mtoto wa Makongeni ya watu wa reli, miaka ya sabini. Kila Jumamosi jioni Mama alitupanga foleni mbele ya karai, kwa kipande cha gunia, sabuni ya mche na jiwe la kusugulia visigino. Alianza na magaga ya miguuni akamalizia na shingo, na shingo ndiyo iliyotutoa machozi. Alisema shingo ndiyo shahidi wa mtoto asiyeoga. Tulikwenda kanisani kesho yake tukiwa tumeng'aa kwa mafuta, shingo zikituwaka kama tumemwagiwa pilipili.

Basi nikaingia bafuni Jumamosi moja. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo hilo la kuchagua Jumamosi. Katika plotini yetu mfereji hutoa maji Jumanne na Ijumaa usiku. Siku nyinginezo tunaishi kwa jerikeni. Nilikuwa na jerikeni moja ya lita 20, nikaona inatosha, maana mimi huoga kwa ndoo nusu na kubakisha. Nikajilowesha, nikachota kiganja cha kile kitu, nikaanza kusugua mikono kwa mizunguko kama nilivyoelekezwa, nikashuka tumboni, nikafika miguuni. Raha yake siikatai. Chembechembe za sukari zinakuna bila kuumiza, harufu inapanda na mvuke, na kwa dakika kumi nikasahau kodi ya nyumba na karo.

Kisha nikaanza kujisuuza. Wee! Mafuta yaliyomo humo hayaondoki kwa kopo moja la maji. Sukari iliyeyuka, lakini unga wa kahawa uling'ang'ania kila mahali ambapo ngozi inakunjana, na nyingine siwezi kuitaja gazetini. Jerikeni ilikwisha nikiwa na madoa kama chui. Sakafu nayo ilikuwa imepakwa mafuta, nikateleza nikashika ukuta, nikashukuru Mungu kwamba ukuta ule ulikuwa karibu. Ilibidi binti akimbie kwa mwenye mkokoteni kuninunulia maji huku mimi nikimsubiri nimejifunga leso, nikinukia kama hoteli ya wazungu. Asubuhi yake sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye shimo la maji machafu, ambalo lilikuwa limeziba kwa mashapo ya kahawa.

Hata hivyo nitasema kweli. Ngozi ya mikono na mapaja ililainika kweli kweli, na harufu ilidumu hadi mchana. Visigino havikubadilika hata chembe, kwa maana magaga yanataka jiwe, maji ya vuguvugu na subira. Miundi, ambayo nilikuwa nimeinyoa asubuhi ile, iliwaka hata nikakumbuka gunia la Makongeni. Ukinyoa leo, subiri kesho au keshokutwa ndipo usugue.

Jambo lenyewe ni rahisi kulifahamu. Tabaka la juu la ngozi hujibadili lenyewe. Kwa kijana huchukua kama siku 28 hivi, na kwa sisi tuliokula chumvi nyingi huchukua muda mrefu zaidi. Chembe zilizokufa hudondoka polepole bila kuonekana, na nyingine hubaki zimeshikana kwa jasho, vumbi na mafuta. Hizo ndizo ambazo ukijisugua ukiwa umelowa huviringika chini ya kiganja kama vijiti vidogo vya kijivu. Hiyo ndiyo nongo. Kazi ya sukari, chumvi, kahawa au dodoki ni kuharakisha nongo itoke, basi. Mara moja au mbili kwa juma yatosha. Anayejisugua kila siku anaondoa hata ile ngozi hai inayomlinda, na sisi watu weusi tuna adhabu yetu ya ziada: ngozi yetu ikikwaruzwa ikawasha ikapona, aghalabu huacha alama nyeusi kuliko ilivyokuwa. Unasugua ili ung'ae, unabaki na mabaka.

Nikapiga hesabu. Kikopo kile kinatosha kuoga mara nne, yaani zaidi ya shilingi 200 kwa kila siku ya kuoga, ukiacha maji ya mkokoteni. Juma lililofuata, na safari hii ilikuwa Jumanne usiku mfereji ukitiririka, nilijitengenezea mwenyewe: nusu glasi ya sukari, vijiko viwili vya mafuta ya nazi na kijiko kimoja cha mashapo ya kahawa yaliyobaki birikani. Haikufika shilingi 60. Ilifanya kazi ile ile. Nakiri kwamba haikunukia vile, na mume wangu, ambaye bado anaikumbuka mwaka 2023 kilo ya sukari ilipopita shilingi 200, alitaka kujua kwa nini tunaogea chai.

Kuna mambo mawili kuhusu vikopo vya dukani ambayo sitayapita. La kwanza ni kibandiko. Kile cha binti hakikuwa na jina la mtengenezaji, wala tarehe ya kuharibika, wala alama ya KEBS, lakini kilikuwa na ahadi ya "kung'arisha" kwa herufi kubwa. Neno hilo linipe mtu mwingine. Tangu mwaka 1998 vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na zebaki haiishii kwenye ngozi; inaingia mwilini na kudhuru figo. Hata manukato yenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyowasha watu wengi ngozi, kwa hiyo paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, ungoje siku moja au mbili kabla hujajipaka mwili mzima. Mimi sikungoja. Fuata ninayosema, si niliyofanya.

La pili ni zile chembe za rangi za plastiki, ndogo kama mbegu za mchicha, ambazo viwanda vingi viliwahi kuzitia humo badala ya sukari. Marekani ilipitisha sheria ya kuzikataza mwaka 2015, na Uingereza ikafuata mwaka 2018. Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tukapongezana, lakini chembe hizi hazionekani zikining'inia kwenye miti. Zinapita kwenye shimo la bafu. Na maji machafu ya Eastlands, yale yasiyomwagika mtaroni, huelekea Ruai kusafishwa, kisha yanaingia Mto Nairobi, ambao unaingia Athi, nao Athi ukishuka unaitwa Galana, halafu Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Samaki wa Malindi hakutuma mtu Mutindwa. Soma kibandiko, na ukiona poliethilini imetajwa, rudisha kikopo mahali pake.

Ningekomea hapo, na safu hii ingekuwa ya kuchekesha tu. Lakini nilikuwa sijamwuliza binti kwa nini alikinunua.

Nilimkuta usiku mmoja bafuni mlango ukiwa wazi, ameinamisha kichwa, anajisugua shingo. Hakuwa anasugua kwa mizunguko. Alikuwa anakwangua kwa jiwe la visigino, sukari na kahawa vimechanganyika na damu. Nikamnyang'anya lile jiwe. Shingoni kwa nyuma na pembeni ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko mahali pengine, nene, ina mikunjo midogo, na ukiigusa ni laini kama mahameli. Alikuwa akiificha chini ya skafu na kola kwa karibu miaka miwili, nami naishi naye nyumba moja sikuwa nimeona. Akaniambia kwamba darasani kuna msichana anayeketi nyuma yake aliyewaambia wenzake kuwa huyu hajui maji. Wakacheka. Tangu hapo amejaribu limau, amejaribu sabuni za kila aina, amejaribu jiwe. Kikopo cha shilingi 850 kilikuwa tumaini la mwisho.

"Nikisugua inatoka, Shangazi, halafu inarudi nyeusi zaidi."

Sikuwa na jibu, ila nilikumbuka bibi mmoja wa Majengo ya Pumwani, ambaye mama yake alitoka Mombasa, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwatayarisha maharusi wa mtaa ule. Nikasema moyoni kwamba kama kuna mtu anayejua kusugua ngozi bila kuitoa damu, ni yule. Jumamosi tukapanda matatu, tukashuka kwenye uwanja ambao tangu mwaka 2019 unaitwa Joe Kadenge lakini makanga bado anauita City Stadium, tukakatiza Shauri Moyo hadi Majengo.

Alitukaribisha kwa kahawa chungu na tende. Nilipomweleza habari za kikopo alicheka hadi akajifuta macho. "Mwanangu, hayo mnayonunua kwa vikopo sisi tunayo tangu enzi za bibi zetu. Yanaitwa singo." Akatutolea mkebe. Liwa, karafuu, maua ya waridi yaliyokaushwa na manjano kidogo, vimetwangwa vikalainika, huchanganywa na maji ya waridi yakawa uji mzito. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, akasema, na mwenye langilangi au asumini huongeza. Bi harusi hupakwa siku kadhaa kabla ya arusi, huachwa mpaka singo ikaribie kukauka, kisha husingwa kwa kiganja, nongo na singo vikadondoka pamoja juu ya mkeka.

Nilimwuliza kwa nini kiganja na si jiwe. "Kiganja kinasikia," akajibu. "Jiwe halisikii."

Kisha akamwita binti aketi mbele yake kwenye mkeka, akamfungua skafu taratibu kama anayefungua zawadi ya watu. Hakusema lolote kuhusu vidonda. Akachovya kidole katika mafuta ya nazi, akasugua polepole mahali palipokuwa pazima, akakiangalia kidole chake kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa safi. Akarudia upande wa pili. Safi.

"Mjukuu wangu, wewe unaoga," akamwambia. "Nongo hutoka. Hii haitoki kwa sababu si nongo. Hii inatoka ndani." Akanigeukia mimi, na sauti ikabadilika kidogo. "Mama, huyu mtoto umempeleka hospitali kupimwa sukari? Nimezisinga shingo kama hizi. Marehemu dada yangu alikuwa nayo."

Binti alilia pale mkekani, kwa sauti, kama mtoto mdogo. Nilidhani ameogopa ugonjwa. Baadaye aliniambia kwamba alililia lile neno, "wewe unaoga".

Jumatatu asubuhi, kabla hajaonja kitu, tulikuwa kwenye kliniki ya mtaani. Daktari kijana alimtazama shingo mara moja tu akauliza kwapa zikoje. Zilikuwa vivyo hivyo, jambo jingine nisilolijua. Akatueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba hali hiyo inaitwa akanthosisi. Mara nyingi hutokea mwili unapoanza kuipuuza insulini, ile homoni inayotolewa na kongosho ili kuondoa sukari kwenye damu. Kongosho likiona halisikilizwi hutoa insulini nyingi zaidi, na wingi huo huzifanya chembe za ngozi ya shingo, kwapa na mapajani kuzaana kupita kiasi. Ngozi inakuwa nene na nyeusi. Haiambukizi. Haitoki kwa sabuni. Si wote walio nayo wana sukari. Kuna wanaoirithi, kuna wanaoipata kwa sababu ya dawa fulani, na mara chache huwa ni dalili ya ugonjwa mwingine mzito, ndiyo maana anayeiona asikisie, apimwe.

Kipimo kilisoma 6.4. Daktari akaandika kwenye karatasi namba mbili: chini ya 6.1, na 7.0. Ya kwanza angependa kuiona kwa mtu ambaye hajala tangu jana yake. Ya pili, ikijitokeza na kuthibitishwa kwa kipimo kingine, ndiyo kisukari chenyewe. "Uko mlangoni," akamwambia binti, "lakini hujaingia." Apunguze soda na maandazi, apunguze uzito, atembee angalau nusu saa kila siku, arudi baada ya miezi mitatu. Insulini ikishuka, shingo nayo hufifia polepole yenyewe. Tena akamkataza jiwe.

Halafu akageuka kwangu akauliza swali ambalo nadhani huwauliza wote: kuna mtu katika ukoo aliyekuwa na sukari?

Mama yangu, msomaji. Mama wa karai la Makongeni. Alifariki mwaka 2003, baada ya sukari kumla mguu wa kulia, na iligunduliwa kidonda kikiwa kimeshakataa kupona. Nikiwa kwenye kile kiti cha kliniki ndipo nilipoiona shingo yake, kana kwamba ameketi mbele yangu: nyeusi, nene, ya mahameli, ambayo yeye aliifunika kwa leso hata wakati wa joto. Sisi tulidhani ni jua la kwenye bustani. Nilipokuwa kidato cha pili nilimnunulia sabuni ya dawa kwa pesa zangu za kwanza za kusuka watu nywele, nikamwambia, "Mama, hii itakutoa ule weusi wa shingoni." Alinishukuru sana. Aliitumia mpaka ikaisha.

Nilimjibu daktari kuwa ndiyo, yupo. Akaniambia basi na wewe njoo kesho bila kula. Nilikwenda. Yangu ilisoma 5.3, lakini nitaipima kila mwaka, na kaka yangu nimempigia simu, amesema atakwenda, na wewe unawajua wanaume.

Siku hizi jioni tunatembea, mimi na binti, kutoka Umoja hadi Donholm na kurudi, tukikwepa bodaboda na madimbwi. Anatembea mbele, mimi nahema nyuma. Vidonda vya shingo vimepona, na vimeacha alama mbili za jiwe ambazo zitachukua muda. Skafu ameacha kuivaa tangu juma lililopita. Sikumwambia aivue, wala sikusema kitu alipoivua. Kile kikopo kimebaki na robo. Kiko bafuni, mbali na sisimizi, na anakitumia kwenye mapaja na mikono siku za Jumanne, maji yanapokuwapo. Shingo anaiosha kwa kiganja.